Umeme Uliopanda Baiskeli

Kabla nguzo hazijafika Mngeta na Mchombe, umeme wa bonde la Kilombero ulipanda baiskeli. Ulifungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, chini yake gunia lililokunjwa ili asidi isile rangi, ukaletwa Ifakara kwa vumbi la kiangazi au matope ya masika, ukalala kwa fundi, kesho yake ukarudi kijijini. Umeme wenyewe ulikuwa betri ya gari. N70 kwa mwenye duka, N50 kwa aliyeuza mpunga vizuri mwaka ule, NS40 kwa mwalimu. Wengi wa wenye betri hizo hawakuwahi kumiliki gari maishani mwao.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianza kama kijana wa kubeba betri kwa mjomba wangu hapa Ifakara, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Siku hizi vijana wananijia na kitu kipya, betri ya lithiamu, nyepesi hata mtoto ataibeba, wanataka niifunge kwenye gari mahali pa ile ya asidi. Wanataka jibu la ndiyo au hapana. Mimi nina jibu refu, kwa sababu nimeiona historia yake. Bonde hili tangu zamani limeipa betri kazi isiyo yake. Tulichukua betri iliyoundwa kuwasha injini, tukailazimisha iwashe nyumba. Sasa tunachukua betri iliyokuja kuwasha nyumba, tunaitaka iwashe injini.

Nianze na kazi ya injini. Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na stata ya umeme lilikuwa Cadillac ya Marekani ya mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering. Betri yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Mfaransa Gaston Planté aliunda ile ya risasi na asidi mwaka 1859, wakati hakuna gari la kuitumia. Kwetu hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, iliendelea kuwa na heshima yake miaka mingi baada ya Kettering, maana Land Rover na Bedford za enzi za mkoloni na za miaka ya mwanzo ya uhuru zilikuja na tundu la hendeli mbele kabisa. Wazee walifundisha kwa ukali namna ya kuishika: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke chuma, kwa sababu injini ikirudisha inavunja kifundo cha mkono. Dereva aliyekuwa na tanboi aliyejua hendeli aliweza kuishi na betri mfu mwezi mzima.

Hendeli ilipoondoka kwenye magari mapya, kilichobaki ni kusukuma, na hapo jiografia ikaingia kazini. Bonde la Kilombero ni tambarare. Kutoka Kibaoni hadi Kivukoni hutapata kilima cha maana cha kuteremshia gari. Ng'ambo ya mto, juu Mahenge, kila nyumba ina mteremko wake, na madereva wa kule walikuwa na desturi ya kulaza gari likitazama chini, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi unatoa jiwe, unakanyaga klachi, unatia gia ya pili, unaachia klachi, gari linawaka. Kwa hiyo betri ya Mahenge ilizikwa ikiwa imechoka kabisa, na ya Ifakara ilizikwa mapema. Mjomba alilijua hilo vizuri: wateja wa Mahenge walimletea betri ambazo yeye mwenyewe alishangaa gari lilifikaje.

Kwenye kivuko mambo yalikuwa magumu zaidi. Kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, gari lolote la kwenda Ulanga lilisimama foleni pale Kivukoni, saa moja, saa tatu, wakati mwingine hadi kesho mto ukijaa. Ukizima injini kwenye foleni, kuna vijana wa kukusukuma kwa malipo. Ukizima ukiwa juu ya pantoni, hakuna pa kusukumia, na walio nyuma yako wanaanza kukutaja wewe na mama yako. Madereva wenye betri mbovu walivuka injini ikinguruma, moshi wa dizeli ukiwaingia abiria, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Kila mtu alijua.

Mjomba alijifunza betri Mang'ula, kwa Wachina. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na pale Mang'ula paliwekwa karakana kubwa ya kuhudumia ujenzi. Malori, katapila, kreni, vyote vilikuwa na betri, na betri zote zilihitaji mtu wa kuziangalia. Alifundishwa kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Unamimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Unapima uzito wa asidi kwa haidromita: iliyojaa chaji kwenye nchi za baridi inasoma 1.28, lakini kwenye joto letu ukiweka kali hivyo sahani zinaliwa upesi, kwa hiyo unaishia 1.24. Maji ya kuongeza yawe ya mvua, na yasipite kwenye bati. Alikuwa anatega beseni la plastiki katikati ya uwanja masika yanapoanza, baada ya mvua ya kwanza kuosha hewa, na ole wake mtoto atakayenawia humo.

Betri za wakati ule zilifunguka. Kasha lilikuwa la mpira mgumu mweusi, juu limezibwa kwa lami, na vipande vya risasi vilivyounganisha seli moja na nyingine vilikuwa nje, unaviona. Kila seli ni volti mbili na kidogo, seli sita zinakupa volti 12. Ukigusa kila seli na uma wa kupimia unajua ipi imekufa. Basi unayeyusha lami, unakata kiunganishi, unaing'oa seli nzima na sahani zake, unatia sahani za betri nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti, unaziba, unamwaga risasi mpya kuunganisha. Betri moja ilikuwa na viungo vya betri tatu. Mjomba hakuona ajabu. Duka la kununua mpya lilikuwa wapi?

Miaka ya mwanzo ya 1980 swali hilo halikuwa mzaha. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na hata betri za Yuasa zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam hazikufika huku kwa kutosha. Betri mpya ilipatikana kwa kibali. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na bidhaa nyingi ya aina moja alikuwa na maswali ya kujibu, na mjomba alikuwa na kibanda kilichojaa betri za watu. Akanunua rangi nyeupe, akaandika juu ya kila betri jina la mwenyewe na kijiji chake, ili atakayeingia aone kwamba si ghala, ni karakana. Msako ulipita lakini rangi ilibaki. Hadi miaka ya 2000 betri ikiletwa kuchajiwa Ifakara bila jina juu yake, fundi alimtazama mleta kwa shaka.

Zile ndogo za redio nazitaja kwa kupita tu, ingawa kwa wingi wa watu ndizo zilizotangulia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya vikundi vya wasikilizaji nchi nzima, na kila kikundi kilikaa mbele ya redio inayokula betri kavu, nyingi zikiwa za National kutoka kiwanda cha Dar es Salaam. Zikiisha nguvu zilianikwa juani juu ya paa, zikapata uhai wa taarifa ya habari moja zaidi.

Kilichobadilisha kila kitu ni picha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, vituo binafsi vya CTN na ITV vilipoanza. Ifakara picha ilitangulia kwa deki ya video, ikafuata dishi, na vyote hivyo vilitaka umeme. Mjini ulikuwepo kwa kubahatisha. Kijijini haukuwepo kabisa, na hapa pana jambo ambalo wazee wa bonde hawajaacha kulisema. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, likafikia megawati 204. Kihansi, upande wa Mlimba, ikaongezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, megawati 180. Bonde letu lina mitambo miwili mikubwa, mmoja kila mwisho, na waya za kilovolti 220 za kutoka Kihansi kwenda Kidatu zilipita juu ya mashamba ya mpunga ya watu wanaosoma kwa kibatari.

Kwa hiyo watu walinunua betri za gari. Walizinunua kuukuu kutoka kwenye malori na matrekta ya miwa, walizinunua mpya baada ya mavuno, na walizileta kwetu kuchajiwa. Kutoka Mlimba na Chita zilikuja kwa treni, kutoka Mbingu na Idete kwa baiskeli. Mjomba alikuwa ameungana na mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Injini ya Lister ilikoboa mchana, na mkanda wake wa pili ulizungusha altaneta ya lori iliyofungwa kwenye fremu ya mbao. Msimu wa mavuno injini haikuzimwa kutwa, na betri zilijaa vizuri. Kiangazi kirefu, mpunga umekwisha, wateja wa televisheni walilazimika kusubiri mpaka mwenye mashine apate kazi ya kutosha kununua dizeli. Umeme wa kutazamia mpira ulitegemea mpunga, na sioni aibu kusema hivyo.

Wateja walilalamika kwamba betri haidumu. Ililetwa mpya, miezi minane ikafa. Kosa halikuwa letu wala la kiwanda. Betri ya stata imetengenezwa kwa pigo moja la nguvu. Ndani yake mna sahani nyembamba nyingi, ili uso unaogusa asidi uwe mkubwa na itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache. Gari likiwaka, altaneta inarudisha kilichotumika kabla betri haijahisi njaa. Sasa wewe unaifunga kwenye televisheni ya chogo, dishi na inveta, inanyonywa ampea saba, nane, saa nne mfululizo hadi picha inaposinyaa kuwa mstari. Ikilala hivyo hadi Jumamosi itakapopata baiskeli, chumvi ya risasi inagandamana kwenye sahani na haiyeyuki tena. Unaichaji, inachemka, inadanganya kuwa imejaa, jioni haina kitu.

Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2006, Italia na Ufaransa, palikuwa na kibanda cha video ambacho mwenyewe alikuwa ameingiza kiingilio cha watu kupita uwezo wa kibanda na wa betri yake. Mchezo ulianza saa tatu usiku. Ukaenda sare, ukaingia muda wa nyongeza, na betri ikafa. Zidane alimpiga Materazzi kichwa katika dakika ya 110, gizani, kwa upande wa watu wale. Waliposimuliwa kesho yake walidhani wanataniwa. Mwenye kibanda alikuja kwangu kudai, nami nilimwonyesha haidromita. Betri ilikuwa ya lori la Fuso, na kazi ya Fuso ilishaimaliza.

Lithiamu ingekuja wakati ule, ingetukuta tunaihitaji. Sony ya Japani iliiuza ya kwanza ya biashara mwaka 1991, kwa ajili ya kamera za video. Aina ninayoizungumzia hapa, ya chuma na fosfeti, ilitokana na kazi ya John Goodenough na wenzake huko Texas katikati ya miaka ya 1990. Yeye, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya lithiamu mwaka 2019. Betri hiyo inavumilia kunyonywa hadi karibu na mwisho, mara elfu mbili na zaidi, bila kugandamana. Yaani sifa yake kuu ni ileile ambayo betri ya stata haina, na ambayo kibanda cha video kiliitaka. Lakini Idete ya 1996 ilipata N70 iliyotumika.

Ilipofika hatimaye, ilifika kwa mlango wa nyumbani. Simu za mkononi zilitangulia. Kisha taa za sola, kisha mifumo ya sola ya kulipia kidogokidogo kwa simu, ambayo kampuni zilizoanzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliieneza vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulikuwa umeanza kazi mwaka 2007 na nguzo zilikuwa zinasogea. Baadaye Ifakara ilijengewa kituo chake cha kupoza umeme, waya ile ya Kihansi ikashuka chini kwa watu wake. Foleni ya betri kwenye karakana yangu ilipungua mwaka hadi mwaka. Kwa muda betri ndogo za volti 6, za aina inayotumika kwenye mitego ya taa ya kukamatia mbu, nilizichaji zaidi kuliko N70. Ifakara imekuwa mji wa watafiti wa mbu tangu Rudolf Geigy wa Uswisi aanzishe maabara yake hapa mwaka 1957, na mbu hukamatwa usiku, kijijini, kwa feni ndogo na taa. Watu hawafikirii kwamba sayansi ya malaria nayo inabebwa na betri.

Sasa gari. Wa kwanza kuiweka lithiamu mahali pa betri ya stata kwa uzito unaostahili walikuwa Porsche, walioitangaza mwishoni mwa mwaka 2009. Waliiuza kama nyongeza, karibu euro 1,900, ikiwa na kilo 6 tu, nyepesi kuliko betri ya kawaida kwa kilo 10 na zaidi. Walikuwa wanatafuta mwendo wa mashindano. Na kwa kuwa lithiamu haipendi baridi kali, mnunuzi alipewa pia betri ya kawaida ya kutumia majira ya baridi. Soma hilo tena ukiwa Ifakara, ambako baridi ni ya kusoma vitabuni.

Aina ya chuma na fosfeti ndiyo inayoingia kwenye gari kwa sababu ya hesabu rahisi. Seli yake ni volti 3.2. Nne zikifuatana zinatoa 12.8, jirani kabisa na 12.6 ya betri ya asidi. Lithiamu ya simu na kompyuta ni 3.7. Tatu hazitoshi, nne zinazidi. Altaneta ya gari inachaji kwenye 14.2 au 14.4, na seli zetu nne zinavumilia hadi 14.6. Inaingia kama vile ilipangwa, na hapo ndipo vijana wanaposhangilia.

Mimi sishangilii upesi. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga wa Malinyi alinunua moja Dar es Salaam kwa bei ya betri nne za kawaida, akaifunga kwenye Noah yake. Akaenda shambani msimu wa mavuno, akaliacha gari wiki kadhaa na alamu yake na kifaa cha kulifuatilia vikinyonya polepole. Aliporudi hakukuta hata taa ya dashibodi. Akaja nayo mikononi.

"Shikamoo fundi. Imekufa."

"Marahaba. Haijafa, imejifungia."

Ndani ya betri hizo mna saketi ya ulinzi, vijana wanaiita BMS. Chaji ikishuka mno inakata kila kitu, na mita yako inasoma sifuri. Niliigusisha chaja inayoweza kuiamsha, ikaamka. Yeye alifurahi, mimi nilibaki na wasiwasi. Betri ya asidi inakufa kwa adabu. Wiki ya kwanza stata inazunguka kwa uvivu, ya pili taa zinafifia ukipiga honi, ya tatu unajua safari ya Mahenge usiende peke yako. Lithiamu inakaa kwenye volti 13 na ushei tangu imejaa hadi inakaribia mwisho, halafu inatoweka. Haidromita haina pa kuingia. Volti hazikwambii kitu. Ujuzi wa mjomba wa kumtazama mgonjwa usoni na kujua amebakiza siku ngapi haufanyi kazi hapa.

Kuna na la altaneta. Magari ya zamani huku bado mengi, na regyuleta zake za kudhibiti volti huzidisha hadi volti 15 na zaidi bila mtu kujua, kwa sababu betri ya asidi inachemka tu, unaongeza maji, maisha yanaendelea. Lithiamu ikiona 15 inakata. Altaneta iliyokuwa inasukuma umeme kwa nguvu inakosa ghafla pa kuupeleka, volti zinaruka, na kinachoungua ni diodi zake, au redio, au kompyuta ya gari. Na kinyume chake: lithiamu iliyoshuka inameza umeme wote unaoipa, haina ule ukinzani wa ndani wa betri ya asidi wa kusema taratibu, na altaneta ndogo inapata moto kwa kuilisha. Mwenye gari jipya lenye regyuleta nzuri hatayaona haya. Mwenye gari lililotengenezwa kabla yeye hajazaliwa atayaona.

Joto nalo. Ifakara iko chini, kama mita 270 hivi juu ya bahari, na chini ya boneti mwezi wa Novemba mkono hauvumilii kugusa. Joto linaua betri zote. Kwa ya asidi, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi juu ya kawaida zinakata nusu ya umri. Lithiamu inakatazwa kuchajiwa ikiwa moto sana, na nyingine zinakata zenyewe. Mteja mmoja aliyeng'ang'ania, nilimhamishia betri nyuma ya kiti, kwa waya mnene na fyuzi kubwa. Ikakaa vizuri. Lakini waya ule peke yake ulifika bei ya N50.

Na katika miaka hiyohiyo, betri ya asidi nayo imepata nafuu ambayo haikutarajiwa. Iliyokuwa inaiua hapa, zaidi ya televisheni, ni barabara. Rasta za vumbi kutoka Kidatu zilitikisa sahani hadi unga wake ukadondoka, ukajaa chini ya kasha, ukaunganisha sahani na sahani, seli ikafa. Madereva wa mabasi walibadilisha betri kila mwaka na kuona ndiyo kawaida ya dunia. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilizinduliwa Agosti 2024, na tangu magari yaanze kupita kwenye vipande vilivyokamilika nimeona betri zinarudi kwangu zikiwa zimezeeka badala ya kuuawa. Ndiyo maana nawaambia vijana: kwa kuwasha injini, kazi yake halisi, risasi na asidi bado inatosha, na ni nafuu. Bodaboda ni habari nyingine. Betri ndogo, stata ndogo, joto kidogo, mtikisiko mwingi. Pale lithiamu naiweka bila ubishi, mradi regyuleta imepimwa.

Masika ya 2024 maji ya mto Lumemo yaliingia mjini. Betri za asidi zilizozama nilizitoa, nikazisuuza, nikazipaka magadi kwenye vichwa, nyingi zikarudi kazini. Za lithiamu zilizoingiwa maji kwenye saketi sikuzigusa. Nilizitoa uani, mbali na bati na mbali na watoto.

Kuhusu watoto, risasi haina haki ya kujisifu. Betri iliyokufa kwetu haikutupwa kamwe. Wavuvi wa mtoni walinunua sahani, wakaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa na kumimina vizito vya nyavu. Tulikaa kuzunguka moto ule tukivuta moshi wake, watoto wakishika vijiko. Hatukujua. Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu mwaka 2007, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, mama wa mmoja wao, alipigana hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikafuata miaka ya rufaa. Niliposikia hayo niliacha kuwauzia wavuvi sahani. Sasa mnunuzi wa chuma chakavu anakuja na mizani, anachukua betri nzima na asidi yake, anaondoka nazo Dar es Salaam.

Lithiamu anaikataa. Anaipima kwa mkono, anacheka wepesi wake, anairudisha chini. Hivyo zinabaki kwangu, za taa za barabarani, za sola, za bajaji, na kwa sababu zinabaki, kitu kimeanza kutokea ambacho sikukitegemea. Miaka ya 1990 makasha ya plastiki yaliyozibwa kwa moto yalipofuta yale ya lami, kazi ya kufungua betri ilikufa. Ikifa seli moja unazika zote sita. Mjomba alistaafu akiwa na uma wake wa kupimia seli, hauna kazi. Lakini pakiti ya lithiamu inafunguka. Ndani mna seli nne, au vifurushi vinne, na unaweza kupima kimoja kimoja.

Kijana ninayemfundisha, wa Katindiuka, amekusanya za taa za barabarani zilizochoka. Kila seli anaijaza, anainyonya, anaandika kwa kalamu imeshika kiasi gani, anazipanga zinazolingana. Nzima anaziunganisha nne nne kwa bamba la shaba, zilizokufa anaziweka kando kwenye ndoo ya mchanga. Juzi amemaliza moja kubwa, anadai itawasha bajaji na hata Noah. Mimi nasema saketi aliyotumia ni ya sola, imeundwa kwa ampea mia, na stata ya Noah itaikata kabla injini haijazunguka. Yeye anasema ataiondoa saketi kwenye njia ya stata na kuiacha ilinde chaji tu. Nimemwambia aweke fyuzi kwanza, tubishane baadaye.